Kazi ya Wakabidhi: Uhakiki wa Wikipedia ya Kiswahili na Watu Wanaoitunza

Ni desturi katika kurasa kama hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani, yaani kazi zilizotungwa na mtu mmoja, zikapigwa chapa, zikatiwa jalada, na mtungaji wake akajulikana kwa jina. Katika makala haya nawaomba wasomaji tuitazame kazi ya namna nyingine, ambayo haina jalada, haina mtungaji mmoja, wala haijamalizika. Nayo ni Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo hata leo ingali ikiandikwa.

Sababu za kuihakiki ni mbili. Kwanza, sidhani kama ipo kazi nyingine ya nathari katika Kiswahili iliyo ndefu kuliko hii, kwani makala yake yamekwisha kupita 70,000. Pili, sehemu kubwa ya kazi hii imefanywa na watu wa kujitolea, wapenzi wa kompyuta na wapenzi wa lugha, ambao huiandika usiku baada ya shughuli zao, bila mshahara na bila posho. Wale wanaoandika mara kwa mara katika mwezi mmoja ni wachache tu, na lugha yetu inasemwa na mamilioni ya watu. Hivyo mhakiki analazimika kuuliza maswali mawili kwa pamoja: kundi dogo namna hii limewezaje kuishi mwaka hadi mwaka? Na je, kile ambacho limekihifadhi kinastahili kuhifadhiwa? Nathubutu kusema kwamba jibu la swali la kwanza ndilo linalotupa jibu la swali la pili.

Yafaa tuanze na historia kidogo. Wikipedia haikuwa jaribio la kwanza la kuwakusanya wapenzi wa Kiswahili mbele ya kompyuta. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Martin Benjamin alianzisha Mradi wa Kamusi, ambao uliwaruhusu wasomaji popote walipo kupeleka maneno na maana zake. Halafu mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Uswidi, kilitoa matunda ya mradi wa Kilinux: programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, pamoja na orodha ya istilahi za kompyuta. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua katika programu huria ambayo amri zake zote zilikuwa za Kiswahili.

Kazi hizo mbili zilikuwa njema, na sina nia ya kuzibeza. Lakini mhakiki hana budi kutofautisha mradi na jumuiya. Mradi una siku ya kuzinduliwa, una bajeti, una ripoti, na una siku ya kufungwa. Programu ya kompyuta, kwa upande wake, haingoji ripoti. Mwaka 2005 OpenOffice ilitoa toleo lake la pili, na tafsiri iliyofanywa kwa toleo la kwanza ikawa lazima ifuatilizwe upya, neno kwa neno. Kisha likaja toleo jingine, na jingine. Kazi ya namna hiyo haimalizwi kwa juhudi kubwa ya miezi michache. Yahitaji mtu ambaye mwaka ujao, na mwaka wa baada yake, atakuwapo. Mradi wa Kamusi nao uliondoka Yale baadaye, ukaendelea kutafuta makao na fedha mahali pengine. Kazi zote mbili zilionyesha kwamba kuanza si kugumu kama kurudi kesho yake.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni ule wa mashindano ya mwaka 2009. Mnamo Novemba mwaka huo kampuni ya Google iliwaalika wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania washindane kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili. Zawadi zilitajwa, zikiwamo kompyuta za kupakata. Wanafunzi mamia walijiandikisha, na kwa muda mfupi makala mapya kwa mamia yakaongezeka. Tukitazama kwa hesabu, mashindano hayo yaliisaidia kamusi elezo hiyo upesi. Mwanzoni mwa mwaka 2010 zawadi zilitolewa, na washindani wengi sana hawakuonekana tena. Wenyeji wa Wikipedia yenyewe hawakulificha jambo hilo: wageni walikuja kwa ajili ya kompyuta, walipoipata wakaenda zao. Waliobaki ni wale wale wachache waliokuwapo kabla, na sasa walikuwa na rundo la makala ya kusahihisha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mkasa huu mgeni alikuja, akala, akaondoka, na mwenyeji akabaki na vyombo vya kuosha. Lakini tusiwalaumu wanafunzi wale peke yao. Waliitwa washindane, nao wakashindana. Hawakuitwa wakae.

Sasa niingie katika uhakiki wa lugha yenyewe. Katika Wikipedia ya Kiswahili mtu hukuta namna tatu za makala. Namna ya kwanza ni yale yaliyoandikwa na watu wanaoijua mada na wanaoijua lugha. Si mengi, lakini yapo, na mwalimu anaweza kuyasoma darasani bila haya. Namna ya pili ni makala mafupi yaliyoandikwa kwa kigezo kimoja, hasa yale ya kata za Tanzania: jina la kata, wilaya yake, mkoa wake, pengine na idadi ya wakazi, basi. Namna ya tatu ni tafsiri, na nyingi kati ya hizo zimefuata Kiingereza hatua kwa hatua kama kipofu anayeongozwa kwa fimbo.

Tafsiri ndizo zinazoumiza. Nitatunga sentensi moja kwa mfano, nisimsute mtu yeyote: "Yeye anajulikana vizuri kwa ajili ya kazi yake katika uwanja wa kemia, ambayo yeye alifanya wakati wa miaka ya mapema." Kila neno hapo ni la Kiswahili, na sentensi si ya Kiswahili. Mswahili angesema: "Sifa yake ilitokana na utafiti wa kemia alioufanya ujanani." Kosa la tafsiri hiyo halimo katika msamiati. Mtafsiri alikuwa na haraka, na hakuna mtu aliyemwambia asome kwa sauti alichokiandika. Sikio lingalimwonya.

Kuhusu makala ya kata, nakiri kwamba nilipoyaona mara ya kwanza nilicheka. Nilijiuliza, hii ni elimu gani ya mstari mmoja? Baadaye nilibadili fikira. Kwa mtoto aliyezaliwa katika kata hiyo, kulikuta jina la kwao limeandikwa katika kitabu cha dunia si jambo dogo. Aidha, wenyewe hawakudai kuwa makala hayo yamekamilika. Chini yake wameandika kwamba bado ni "mbegu", na wakamwomba msomaji aongeze anachokijua. Neno hilo nalisifu, kwa kuwa ni la mkulima na linaeleweka na kila mtu. Hata hivyo mbegu iliyokaa ardhini miaka kumi na mitano bila kuchipua hatuwezi kuendelea kuiita mbegu. Hapo ndipo ninapoilaumu tabia ya kuhesabu makala na kushangilia idadi. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini methali haikutuambia haba hiyo ni ya nini. Ukiweka chuya haba na haba, utajaza kibaba cha chuya.

Msamiati wa kazi yenyewe wastahili sifa zaidi kuliko lawama. Watunzaji hawa wamesema "hariri" kwa kurekebisha makala na "majadiliano" kwa ukurasa wa kubishana. Anayepewa mamlaka ya kufuta makala na kuwazuia waharibifu wamemwita "mkabidhi". Msomaji wa sarufi anaweza kuuliza: je, mkabidhi si yule anayetoa, na anayepokea si mkabidhiwa? Twajua kwamba Tanzania ina ofisa wa serikali aitwaye Kabidhi Wasii, anayesimamia mirathi, na bila shaka maana hiyo ya usimamizi ndiyo iliyokusudiwa. Mimi nadhani neno hilo limelenga kuliko pengine walivyotazamia waliolichagua. Mtu anayetunza kazi ya jumuiya hana mali yake mwenyewe. Kila alichonacho amekipokea, na wajibu wake mkubwa ni kukitoa kwa mwingine kingali kizima.

Hapa kwetu Gisenyi suala la msamiati lina sura yake. Mwanafunzi wangu akitaka kutaja kompyuta ana majina zaidi ya matatu. Nyumbani kwa Kinyarwanda husema mudasobwa, yaani kile kisichokosea. Akivuka mpaka kwenda Goma husikia neno la Kifaransa ndani ya Kiswahili cha huko. Katika kitabu kilichotoka Tanzania husoma kompyuta, na katika kile kilichotoka Kenya husoma tarakilishi. Ngamizi nalo lilipendekezwa, lakini sijamsikia mwanafunzi akilitumia. Siku moja mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, lipi ndilo sahihi?" Nilimjibu kwamba yote ni maneno, lakini atazame lipi watu wanaloliandika. Mudasobwa limekaa katika Kinyarwanda kwa sababu limesemwa shuleni na redioni kila siku mpaka likaacha kuwa geni. Pakua na pakia nayo yamekaa katika Kiswahili cha kompyuta, kwani yalikuwa tayari yanajulikana jikoni na bandarini. Istilahi haikai kwa kuwa imetungwa vizuri na kamati. Hukaa ikiwa wapo watu wanaoiandika tena na tena mahali ambapo wengine wanaisoma. Kwa hiyo kundi dogo la wapenzi wa kompyuta wanaoandika Kiswahili kila juma linafanya kazi ambayo mabaraza ya lugha peke yake hayawezi kuikamilisha.

Nirudi sasa kwenye swali la kwanza: kundi hili limeishije? Wanyarwanda wanayo mifano miwili ya kazi ya pamoja inayodumu. Wa kwanza ni umuganda, kazi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda hudumu kwa kuwa siku yake inajulikana na kila mtu, na baada ya kazi watu hukaa wakazungumza. Lakini umuganda una nguvu ya sheria nyuma yake, na kundi la kujitolea halina sheria hiyo. Mfano wa pili ni ikimina, chama kidogo cha majirani cha kuweka na kukopeshana. Hicho ni cha hiari, nacho hudumu kwa kuwa kila mwanachama ana fedha zake humo. Mtu anaweza kuchoka na wenziwe, lakini haziachi fedha zake.

Wapenzi wa kamusi elezo hawana sheria wala fedha. Wanarudi kwa nini? Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na jibu langu latokana na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilianzisha kikundi kidogo cha wanafunzi waliopenda kompyuta, tukakubaliana kuandika Kiswahili kila juma baada ya masomo. Muhula wa kwanza chumba kilijaa. Muhula wa pili wakapungua, kama ilivyo ada. Miongoni mwa waliobaki alikuwamo msichana mmoja aliyeandika makala juu ya wavuvi wa Ziwa Kivu, wale wanaotoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, wakiimba na kuwasha taa ili kuwavuta dagaa wanaoitwa isambaza. Alikuwa ameandika jambo analolijua, tena kwa bidii. Nami nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu. Nilisahihisha upatanisho wa ngeli, nikasahihisha alama za kituo, nikaijaza karatasi yake yote mistari, na sikuandika hata neno moja juu ya wavuvi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Mwalimu." Juma lililofuata hakuja, wala lililofuata hilo. Muhula wa tatu kikundi kilikufa.

Masahihisho yale yote yalikuwa sahihi, lakini hayakuonyesha kwamba nilikuwa nimesoma. Tangu siku hiyo naamini kwamba mtu arudiye kuandika bila malipo hurudi kwa sababu moja: anajua kuna mwenziwe atakayesoma. Akisomwa, hata kusahihishwa hukubali. Asiposomwa, hata zawadi haimweki. Hilo ndilo lililokosekana katika mashindano ya mwaka 2009. Makala yalihesabiwa na kupimwa ili mshindi apatikane, lakini wengi wa walioyaandika hawakupata mtu wa kuzungumza nao juu ya kile walichokiandika. Na hilo ndilo ambalo wakabidhi wachache wameendelea kulifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, wakipitia orodha ya mabadiliko ya karibuni, wakimkaribisha mgeni na kumwonyesha njia. Ukifungua ukurasa wa historia wa makala yoyote utaona kila badiliko, tarehe yake na jina la aliyelifanya. Humo utakuta majina yale yale yakirudi mwaka baada ya mwaka. Kwangu mimi kurasa hizo za historia ndizo zenye kunigusa kuliko makala yenyewe.

Lakini kundi linaloishi kwa majina machache lina hatari yake, na mhakiki asiinyamazie. Mmoja akiugua, akihama au akichoka, pengo lake huonekana mara moja. Tena wachache hawa, kwa kuwa ndio wanaofanya kazi, ndio wanaochagua mada. Anayependa mito ataandika mito, anayependa watakatifu ataandika watakatifu, na mambo mengine yatabaki tupu. Siwalaumu kwa kuandika wanachokipenda. Nawalaumu wale ambao hawaandiki, nami nimo.

Tena hasara ya kukaa kimya imekuwa kubwa kuliko zamani. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazojifunza kuandika lugha kwa kusoma maandishi mengi. Hata jina la elimu hiyo halijatulia kwetu: wengine husema akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Programu hizo husoma Wikipedia, kwani ni maandishi mengi yaliyo wazi kwa kila mtu, na katika lugha isiyo na maandishi mengi mtandaoni fungu la Wikipedia huwa kubwa. Basi ile sentensi ya "anajulikana vizuri kwa ajili ya kazi yake" haitakaa pale ilipoandikwa. Itasomwa na mashine, itaigwa, na itarudishwa kwa mwanafunzi wetu kama Kiswahili fasaha. Mwanafunzi atatuletea daftarini, nasi tutaisahihisha kwa wino mwekundu bila kujua kwamba kosa lile lilikuwa wazi mbele yetu kwa miaka mingi, na kwamba kila mmoja wetu alikuwa na ruhusa ya kulirekebisha.

Je, hukumu yangu ni ipi? Kama kazi ya fasihi, Wikipedia ya Kiswahili haijalingana: ina kurasa nzuri, ina kurasa nyingi za kuvumilika, na ina kurasa za kutia aibu. Kama mfano wa uvumilivu ni kazi kubwa, na sijui nyingine ya kuilinganisha nayo katika lugha yetu. Miradi yenye fedha ilianza na kufungwa, mashindano yakaja na kupita, na watu hawa wachache wakabaki. Lakini sifa hiyo isitufanye tuwaachie mzigo wote.

Sisi walimu ndio tunaojua kusahihisha, maana ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na tangu mwaka 2022 twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai kwa hotuba na mashairi. Ni vyema. Ila tarehe 8 Julai lazima pawepo mtu atakayefungua makala moja iliyoharibika, aisome kwa sauti, na airekebishe. Simwombi mwalimu yeyote aandike makala mia moja. Namwomba achague moja anayoijua vizuri, ya mji wake au ya ufundi wa jirani yake, arudi kwake kila mwezi, na akimkuta mwanafunzi ameandika humo, amwandikie kwanza kwamba amesoma, ndipo amwonyeshe ngeli.

Mimi nimeanza na wavuvi wa isambaza. Sikuwa na karatasi ya yule msichana, kwani nilimrudishia mwenyewe ikiwa imejaa wino, na nilichokumbuka ni kidogo. Nimekiandika hicho kidogo. Kilichobaki anakijua yeye, na laiti angalijua kwamba nakingojea.